Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2022: Saini Iko Nyumbani

Ndugu wanachama wenzangu,

Assalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe.

Mkutano huu ulikuwa ufanyike mwishoni mwa Agosti. Sensa ikatukuta, nusu ya kamati wakawa makarani, tukaahirisha mpaka leo Desemba. Walioniletea maneno kwamba mwenyekiti anaogopa mkutano, jibu ndilo hilo.

Fedha sizigusi. Mweka hazina atawasomea mapato na matumizi, na wanaodaiwa ada wanajijua. Cherehani mbili zinafanya kazi. Ya tatu iko kwa fundi tangu Ramadhani, na fundi kila siku anasema njooni kesho.

Muda wangu nautumia kwa mabinti. Mnakumbuka tarehe 24 Novemba mwaka jana, Profesa Ndalichako, akiwa Waziri wa Elimu, alitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo, waliopata mimba wakiwemo, ruhusa kurudi shule. Kabla ya hapo kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu binti afukuzwe shule kwa kosa la maadili, na Juni 2017 Rais Magufuli alisema hadharani kwamba katika utawala wake aliyezaa hatarudi darasani. Humu kijijini tulipokea tangazo jipya kwa vigelegele. Januari tukapita nyumba kwa nyumba tukiwa na daftari. Waliokubali walikuwa wanne.

Naomba niwaeleze habari ya mmoja wao. Siku ya pili shuleni, kipindi cha tatu, maziwa yalimjaa yakalowesha shati jeupe. Akakunja mikono kifuani, akakaa hivyo mpaka kengele ikalia. Kesho yake hakwenda. Mjumbe wetu mmoja, fundi wa kushona, akamtengenezea vitambaa vya kuweka ndani ya sidiria, kisha akaenda kuzungumza na mwalimu wa malezi. Wakakubaliana. Tangu hapo kila siku saa nne bibi yake anamleta mtoto mpaka kwenye mkorosho ulio nje ya uzio, binti anatoka, ananyonyesha, anarudi darasani. Mkorosho ule haumo kwenye waraka wowote wa serikali. Mwezi uliopita binti huyo alifanya upimaji wa kidato cha pili.

Wawili waliacha kabla ya Pasaka. Wa nne anajiandaa na QT, mtihani wa wanaosoma nje ya shule, anasoma jioni.

Sasa nije kwenye sheria, kwa sababu wengi mnaniuliza: mwenyekiti, mbona mnapiga kelele na ruhusa imeshatolewa? Ruhusa ni ya waraka, na waraka mwingine unaweza kuufuta. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yenyewe iko palepale. Kifungu cha 13 kinasema mwanamume aoe akiwa na miaka 18, mwanamke aolewe akiwa na 15, na mahakama inaweza kuruhusu hata 14. Sheria ya Elimu ikarekebishwa mwaka 2016: anayemuoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari, kifungo miaka 30. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Halafu fungueni Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 130. Kulala na msichana wa chini ya miaka 18 ni kubaka, hata akiridhia, isipokuwa awe mke wako na ametimiza 15. Yaani binti yuleyule, mwili uleule: asubuhi ni mtoto analindwa na dola, jioni mahari ikipokelewa utoto umekwisha. Mimi si mwanasheria, ila hesabu hii imenishinda.

Mwanaharakati Rebeca Gyumi aliipeleka Sheria ya Ndoa Mahakama Kuu mwaka 2016. Tarehe 8 Julai mwaka huo majaji wakasema vifungu vya 13 na 17 vinakwenda kinyume na Katiba, wakaipa serikali mwaka mmoja irekebishe. Serikali ikakata rufaa ikitetea kwamba sheria ilizingatia mila na dini za watu. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Miaka mitatu imepita, na Bunge bado halijaipandisha 15 iwe 18.

Juni 16, Siku ya Mtoto wa Afrika, tuliitisha mdahalo pale ofisi ya kijiji. Nitasema haki: hoja nzito zaidi ya siku ile haikutoka upande wetu. Sheikh wetu alisimama akasema, "Mnafunga mlango wa ndoa. Mlango wa zinaa nani anaufunga?" Watu wakapiga makofi, na wanachama wetu kadhaa nao nikawaona wanapiga. Nilitaka kumjibu kwa vifungu, kwa bahati kungwi mmoja akaniwahi. Akasema zamani mwali aliwekwa ndani baada ya kuvunja ungo, akafundwa taratibu, anauliza anajibiwa. Siku hizi wanapelekwa unyagoni likizo, wadogo mno, wiki mbili, wengine hata damu hawajaiona. "Wanajua kumfurahisha mume. Mimba inaingiaje, hawajui." Ukumbi ukanyamaza.

Mwalimu wa sayansi naye akakiri bila kuulizwa. Mada ya uzazi anaanza na ua: anachora petali, stameni, ovari, vipindi viwili vizima. Akifika kwa binadamu darasa linacheka, naye anaona haya, anawaambia wakasome wenyewe nyumbani. Nyumbani kwa nani? Desemba 2013 kule Cape Town mawaziri wa afya na elimu wa nchi zetu, Tanzania ikiwemo, waliahidi elimu ya uzazi kwa vijana. Hapa kwetu ahadi ile imeishia kwenye petali.

Septemba mwaka huu kamati ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki za mtoto iliamua kwamba kuwapima wasichana mimba kwa lazima na kuwafukuza shule ni kuvunja haki zao. Tumeibandika habari hiyo kwenye ubao wa kijiji. Mvua ya kwanza imeshaichukua.

Sasa jambo ambalo kamati ilinishauri nisilisome.

Kile kifungu cha 17 kinataka binti wa chini ya miaka 18 aolewe kwa idhini ya baba, na baba akiwa amefariki, idhini ya mama. Tumezoea kusema Dodoma, Dodoma. Lakini hakuna mbunge aliyewahi kuja hapa kuweka saini ya posa. Mwezi Septemba mjumbe wa kamati yetu, mjane, aliyepita nasi nyumba kwa nyumba Januari akiwa ameshika daftari, alitoa idhini. Binti ana miaka 16. Sherehe ilikuwa kubwa, na wengi wenu mlicheza. Nami nilikwenda. Nilikaa jamvini nikala pilau, kwa sababu ni jirani yangu na alinizikia mama yangu. Nilipomuuliza faragha, aliniambia, "Mwenyekiti, alikuwa anarudi saa mbili usiku. Ningengoja aje na tumbo?" Sikuwa na jibu. Mimi mwenyewe niliolewa na miaka 15, na baba yangu alisema maneno hayohayo.

Hajafukuzwa, amejiuzulu kamati. Kiti chake kiko wazi, na uchaguzi ni ajenda ya nne.

Ajenda ya tatu ni marekebisho ya katiba ya chama chetu: mwanachama asitoe idhini wala kupokea mahari ya binti aliye chini ya miaka 18, na anayehofia binti yake alete shauri kwenye kamati kabla ya mshenga kurudi mara ya pili. Oktoba tuliijaribu hoja hii, watu wakatoka mmoja mmoja kwenda kuangalia chungu jikoni mpaka akidi ikavunjika. Leo chakula kimepikwa tayari. Katibu, tafadhali funga mlango, tuhesabu waliopo.