Kompyuta yako iliyomwagikiwa maji

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka pale uliposema, "Mama, imewaka yenyewe, niiuze upesi kabla haijazima tena." Mara ya pili sikucheka.

Kuwaka baada ya siku tatu si kupona. Nimefungua redio nyingi zilizonyeshewa enzi zangu za ufundi, na ugonjwa ni uleule. Maji yana chumvichumvi zake, na betri haiachi kupeleka umeme ndani hata ukizima kompyuta. Umeme ukikutana na unyevu kwenye bodi, lile bamba kuu lililobeba vidude vyote, shaba huanza kuliwa, unaona ukungu wa kijani au mweupe pembeni mwa vidude vidogo. Ulaji huo unaweza kuendelea kwa wiki kadhaa kimyakimya huku wewe unachapa kazi zako. Basi acha kuiwashawasha eti unaangalia kama bado nzima. Kuchaji ndiyo usithubutu. Na ukiona tumbo lake limetuna, hiyo ni betri imevimba: usiibonyeze, usiitoboe, iweke mbali na kitanda.

Halafu mchele! Umeizika siku mbili kama maiti. Maji yaliyojibana chini ya chipu mchele hauyafikii, unaacha vumbi tu. Sikusemi sana, hata mimi simu yangu niliwahi kuifanyia hivyo.

Sasa, kabla ya kutengeneza au kuuza, kuna tasnifu yako. Hukuitaja, nami najua maana ya kutoitaja: hakuna nakala. Diski, yanakokaa mafaili yako, mara nyingi hunusurika. Kama ni ya kuchomoa, fundi ataitoa na kuisoma kwenye kompyuta nyingine, na baada ya hapo tutakuwa tunajadili chuma tu. Lakini kompyuta nyingi nyembamba za siku hizi diski yake imechomelewa kwenye bodi. Ikiwa yako ni ya namna hiyo, itabidi bodi ifufuliwe kwanza, hata kama ni kwa siku moja ya kuhamisha mafaili, na gharama hiyo tutaibeba bila kujali kompyuta yenyewe ina thamani gani.

Kwa hiyo mpelekee fundi, lakini mlipe kwanza kazi ya kuifungua, kuchomoa betri na kusafisha bodi kwa spiriti kali, ile ya asilimia 90 au zaidi. Anayekutajia bei ya matengenezo kabla hajashika bisibisi, muage kwa heshima. Muulize maji yameishia wapi. Yakiwa yameishia kwenye kibodi, tengeneza. Kibodi hubadilishwa, betri hubadilishwa. Yakiwa yamefika kwenye bodi na anataka kubadilisha bodi nzima, linganisha bei yake na ya kompyuta kama hiyo iliyotumika. Zikikaribiana, mimi ningeuza. Dhamana usiitegemee: nyingi hazigusi ajali za maji, na ndani ya mashine nyingi mna vibandiko vyeupe vinavyogeuka vyekundu vikilowa.

Lakini kuuza ninakosema si kule unakokuwaza wewe. Unakumbuka ile simu niliyoinunua mkononi mwa mtu, ikafa kabla mwezi haujaisha? Fundi alipoifungua akanionyesha kutu ya maji. Aliyeniuzia alijua, akanyamaza, na mimi nilimshukuru siku ile kwa kunipunguzia bei! Sitaki mtu akae mahali akikufikiria wewe hivyo. Iuze kama spea, useme wazi ilimwagikiwa maji, lini, na imefanyiwa nini. Mafundi hununua: skrini nzima, memori, chaja, bawaba, hata ganda. Utapata pungufu, ndiyo. Diski usiwape, baki nayo wewe. Kama imechomelewa, ifute kabisa kabla haijatoka mikononi mwako, na kama haifutiki kwa kuwa mashine haiwaki tena, bora bodi ibaki kwenye droo yako.

Baba yako anasema tununue mpya yaishe. Usimjibu bado.

Fundi akishaifungua, piga picha ya bodi kabla hajaisafisha, unitumie. Chukua kwa karibu, upande wa kibodi na upande wa tundu la chaja.

Mama