Intaneti ya nyumbani Ujerumani: tazama ukuta, kisha kalenda, ndipo uulize bei

Wateja wetu wengi wakileta karatasi za ofa za intaneti ofisini kwetu tuwasaidie kuzisoma, swali lao la kwanza ni moja: "Ipi ya bei nafuu?" Ni swali la haki, ila tunaomba liwe la tatu. La kwanza, ukutani mwa chumba ulichopanga kuna soketi gani? La pili, utakaa humo mpaka lini? Ukishajibu hayo mawili, machaguo yaliyobaki huwa machache, na kulinganisha bei hakukusumbui tena.

Tunamwandikia hasa mgeni aliyefika Ujerumani karibuni: muuguzi kutoka Mombasa, mwanafunzi kutoka Dodoma, kijana wa Goma aliyekuja kwa mafunzo ya kazi. Nyumbani tumezoea kulipia kwanza. Bando likiisha limeisha. Hata faiba ya nyumbani, usipolipia mwezi huu inakatika, ukilipia inarudi. Huku mambo ni tofauti. Mkataba wa kawaida wa laini ya nyumbani ni wa miezi 24, na utailipa miezi yote hiyo uwe unaitumia au umeifungia kabatini. Ukiacha kulipa, mkataba haufi. Deni linakua, linakabidhiwa kwa wakusanya madeni, na wao wanaongeza gharama zao juu yake. Likifika huko, jina lako linaweza kuingia vibaya Schufa, ile kumbukumbu ya madeni ambayo wenye nyumba wengi huiulizia kabla ya kukukabidhi ufunguo. Kwa hiyo kosa dogo la intaneti linaweza kukunyima nyumba baadaye. Hilo ndilo linalotufanya tulipigie kelele jambo hili kila wiki.

Anza na ukuta

Zunguka chumba chako taratibu, angalia nyuma ya kitanda na nyuma ya kabati. Ukiona soketi ndogo yenye matundu matatu yaliyopangana, yaliyoandikwa N, F, N, hiyo ni ya simu, na intaneti yake inaitwa DSL. Inapita kwenye waya wa shaba uliowekwa zamani kwa ajili ya simu ya mezani. Ukiona soketi ya mviringo ya televisheni na redio yenye tundu la tatu la data, hiyo ni ya kebo. Ukiona kisanduku cheupe chenye waya mwembamba sana na kifuniko cha plastiki, huenda nyumba imeshaingizwa faiba, na umebahatika.

DSL ina sifa ya utulivu, lakini kasi yake hutegemea umbali kati ya jengo lako na lile kabati la kijivu lililosimama mtaani. Shaba hupoteza nguvu njiani. Wa karibu na kabati anaweza kupata megabiti 250 kwa sekunde, wa mbali akaambulia 16 au 50 kwenye mtaa uleule. Jambo ambalo wengi hawaelezwi: sehemu kubwa ya nyaya hizo ni za Telekom, na kampuni nyingine nyingi hukodi kutoka kwake. Ukihama kutoka kampuni moja ya DSL kwenda nyingine kwa waya uleule, unabadilisha bili na huduma ya simu kwa wateja, si waya. Usitarajie muujiza wa kasi.

Kebo inakwenda mpaka megabiti 1,000 za kupakua, na sehemu kubwa ya mtandao wake ni ya Vodafone, iliyonunua Kabel Deutschland mwaka 2013 na Unitymedia mwaka 2019. Udhaifu wake ni kwamba majirani mnatumia njia moja. Saa mbili usiku, mtaa mzima ukiwa mbele ya televisheni, kasi inaweza kushuka. Waulize majirani wa jengo lako, wao wanajua kuliko muuzaji. Angalia pia kasi ya kupakia, ambayo kwenye kebo ni ndogo sana ukilinganisha na ile ya kupakua. Anayempigia mama simu ya video kila jioni anaihitaji hiyo ya kupakia.

Je, unahitaji megabiti ngapi hasa? Simu ya video hula megabiti chache tu. Kwa mtu mmoja au wawili, laini ya 50 iliyotulia inatosha vizuri. Kwa familia yenye watoto wanaotazama filamu huku baba akifanya kazi kwa kompyuta, 100 ni ya kustarehe. Ukiuzwa 1,000 wakati unaishi peke yako, unalipia kasi ambayo hutaiona.

Ukutani pakiwa hapana kitu, au kama chumba ni cha kupanga upya kutoka kwa mpangaji mwingine, kuna kisanduku cha 5G au LTE, kinachopata intaneti kwa mtandao wa simu za mkononi. Unakichomeka kwenye umeme, hakihitaji fundi. Kabla ya kukichukua, nunua laini ya simu ya kulipia kwanza ya mtandao huohuo, kaa dirishani jioni, jaribu simu ya video. Ikikwama dirishani, na kisanduku kitakwama. Uliza kama data ina kikomo kwa mwezi. Na tangazo la chumba likisema intaneti imo kwenye kodi, kama ilivyo kwenye mabweni mengi ya wanafunzi, usisaini chochote mpaka umeijaribu iliyopo.

Kisha kalenda

Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea, na hapa ndipo sheria ya Ujerumani inapomsaidia mpangaji kuliko anavyodhani.

Miezi 24 ndiyo mwisho, kampuni haiwezi kukufunga zaidi ya hapo kwa mara ya kwanza. Kila kampuni inalazimika pia kukupa angalau chaguo moja la mkataba usiozidi miezi 12. Muuzaji hatalitaja, ni wewe wa kuliomba. Ipo pia mikataba isiyo na muda, unayoivunja kwa notisi ya mwezi mmoja. Bei yake ya mwezi au ya kuanzia huwa juu kidogo. Kwa mtu mwenye chumba cha muda au kazi ya majaribio ya miezi sita, sisi tunashauri hiyo bila kusita. Yuro chache za ziada kwa mwezi ni nafuu kuliko mwaka mzima wa kulipia chumba ulichokwisha kuhama.

Tangu tarehe 1 Desemba 2021, mkataba ukimaliza muda wake wa kwanza hauwezi tena kujirefusha mwaka mzima kimyakimya. Unaendelea, lakini unaweza kuuvunja wakati wowote kwa notisi ya mwezi mmoja. Na tangu Julai 2022, tovuti inayouza mikataba ya aina hii lazima iwe na kitufe cha kuuvunja, mara nyingi chini kabisa ya ukurasa, kimeandikwa "Verträge hier kündigen", yaani "vunja mikataba hapa". Kitumie, hifadhi uthibitisho unaotumwa, piga picha ya skrini.

Ukihama je? Ikiwa kampuni inafika kwenye anwani mpya, mkataba unahama nawe kwa masharti yaleyale na muda haurudi mwanzo. Ikiwa haifiki, una haki ya kuuvunja kwa notisi ya mwezi mmoja. Anayerudi Afrika Mashariki, au anayehamia nchi nyingine, naye yumo humo, kwa kuwa kampuni haiwezi kumhudumia huko. Itaomba cheti cha kujiondoa kwenye daftari la wakazi, kwa hiyo usipande ndege kabla hujakipata. Ila ukihamia kwa mwenzako ambaye tayari ana laini, sheria haikutoi. Hapo unategemea ukarimu wa kampuni.

Sasa bei

Bei kubwa iliyoandikwa kwenye bango ni ya miezi ya mwanzo. Tuchukue mfano: yuro 19.99 kwa miezi sita, halafu 39.99. Kwa miezi 24 utakuwa umelipa yuro 839.76, sawa na 34.99 kwa mwezi. Ongeza ruta ya kukodi kwa yuro 5 kila mwezi, wastani unafika 39.99. Mara mbili ya bango. Ofa ya jirani inayosema "32 kila mwezi, ruta imo" ilikuwa nafuu tangu mwanzo.

Ruta si lazima ukodi. Tangu tarehe 1 Agosti 2016 mteja ana uhuru wa kutumia yake. FRITZ!Box, aina ya ruta, iliyotumika inapatikana kwa bei nzuri, ila angalia aina: 7530 na 7590 ni za DSL, 6591 na 6660 ni za kebo, na haziwezi kubadilishana kazi. Ya kebo ikiwa na nembo ya kampuni ya intaneti, muulize muuzaji ni mali ya nani. Ruta nyingi za kukodi huuzwa mitandaoni na wasio wenyewe, na kampuni hukataa kuziwasha.

Tazama pia hesabu ya gharama za nyumba unayoletewa na mwenye nyumba. Tangu Julai 2024 haruhusiwi tena kukutoza ada ya televisheni ya kebo humo bila wewe kuiagiza.

Mlangoni na kwenye simu

Atakuja mtu mwenye kitambulisho shingoni na kusema laini ya jengo inabadilishwa, lazima usaini leo. Hakuna lazima ya leo. Mwambie aache karatasi, uisome kwa utulivu. Aliyesaini mlangoni, kwa simu au mtandaoni ana siku 14 za kujitoa bila kutoa sababu. Na ukisema "ja", yaani ndiyo, kwenye simu, mkataba haujasimama mpaka kampuni ikutumie muhtasari wake kwa maandishi nawe uukubali. Muhtasari huo ni ukurasa mmoja hadi mitatu, wenye bei, kasi, muda na namna ya kuvunja. Usiukubali kwa kubofya kiungo kwa haraka ukiwa kwenye basi.

Fundi, sanduku la barua na jina

Majengo mengi huku hayana namba za vyumba. Posta na fundi hutafuta jina. Ruta hurudishwa ilikotoka, na fundi huondoka akaandika kwamba hakukuta mtu, kwa sababu tu kengele bado ina jina la mpangaji wa zamani. Bandika jina lako, lilelile lililo kwenye mkataba, kwenye kengele na kwenye sanduku la barua siku ya kwanza. Mara nyingi fundi atahitaji pia kuingia chumba cha chini ya jengo, kwa hiyo mjulishe msimamizi wa jengo mapema afungue. Jina la mpangaji aliyetangulia lina faida hapa: ukilitaja unapoagiza, kampuni huutambua waya kwa urahisi.

Fundi asipotokea siku ya miadi na kosa si lako, unastahili fidia ya yuro 10 au asilimia 20 ya ada ya mwezi, ile iliyo kubwa. Laini ikikatika kabisa nawe ukatoa taarifa, kuanzia siku ya tatu unadai yuro 5 au asilimia 10 kwa siku, na kuanzia siku ya tano yuro 10 au asilimia 20. Andika tarehe na saa uliyopiga simu. Intaneti ikiwa inafika lakini inasuasua, Bundesnetzagentur, mamlaka ya mawasiliano, ina programu ya bure ya kupima: vipimo 30 katika siku tatu ndani ya wiki mbili, kompyuta ikiwa imeunganishwa na ruta kwa waya. Ripoti yake ikithibitisha hilo, inakupa haki ya kupunguza malipo au kuvunja mkataba. Vipimo vya simu kwa waifai havihesabiwi.

Kwa wanaoishi nyumba ya pamoja

Mkataba una jina la mmoja, na huyo ndiye anayebeba mzigo wote. Andikianeni, hata kwa karatasi ya kawaida, nani analipa ngapi na nani ataurithi mkataba mwenye jina akihama. Kampuni ikiafiki, mkataba unaweza kuhamishiwa kwa mwingine, lakini hailazimiki.

Tena tunasema kwa uzito: msipakue filamu wala mechi kwa torrent, njia ya watu kugawiana mafaili mtandaoni, kwenye laini hiyo. Mawakili wa wenye hakimiliki hufuatilia, na barua ya kudai mamia ya yuro humfikia mwenye jina, hata kama kijana wa chumba cha pili ndiye aliyepakua. Barua hiyo ikifika, usiitupe wala usisaini tamko lililoambatanishwa. Nenda nayo Verbraucherzentrale, ofisi ya kutetea watumiaji iliyopo katika kila jimbo, au kwa wakili.

Sisi hatuuzi laini na hatupokei kamisheni ya kampuni yoyote. Tunasoma mkataba pamoja nawe kwa Kiswahili, tunaandika barua ya kujitoa au ya kudai fidia kwa Kijerumani, na tunakaa nawe unapopiga simu. Njoo na muhtasari wa mkataba, picha ya soketi zote za chumba na mkataba wako wa kupanga. Kama umeshasaini mlangoni, kwa simu au mtandaoni, njoo kabla siku 14 hazijaisha, kwa sababu katika siku hizo barua fupi tu inatosha kukutoa.