Uzamili wa habari usisahau Kiswahili

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie masomo ya uzamili ya uandishi wa habari. Tangu ipitishwe Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, pamoja na kanuni zake zilizomtaka mwandishi awe na angalau stashahada, mjadala wetu umeishia kwenye stashahada, kana kwamba mwandishi akishaipata hana tena la kujifunza.

Mimi nilirudi darasani baada ya miaka mingi ya kuandikia gazeti. Zoezi moja lilitupeleka soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, tukaleta habari ileile kwa sura tatu: makala ya gazeti, taarifa ya redio ya dakika 2 na video fupi ya mtandaoni. Gazetini nilieleza kwa utulivu jinsi mnada unavyopanga bei. Redioni, sauti ya dalali akinadi ndoo ya dagaa ilitosha badala ya aya zangu mbili, ingawa upepo wa baharini ulifunika nusu ya mahojiano, nikalazimika kurudi alfajiri iliyofuata. Hayo sikuwahi kufundishwa kazini.

Kinachoniuma ni kwamba taarifa hiyo, iliyokusanywa kwa Kiswahili kutoka kwa wavuvi na mama lishe, niliambiwa niiwasilishe kwa Kiingereza ndipo isahihishwe. Naviomba vyuo vyetu viruhusu angalau kazi za vitendo zifanywe kwa lugha ya wasomaji na wasikilizaji wetu, na wahariri wawape ruhusa ya masomo waandishi wanaoomba.

Msomaji wako,
Dar es Salaam