Mchoro wa Jumamosi: wale wawili wa Pioneer

Habari zenu wadau, mchoro wa kujadili wiki hii ni huo niliotupia hapo juu, mwanaume na mwanamke wa mistari mitupu, kazi ya Linda Salzman Sagan, ulichongwa kwenye bati la alumini rangi ya dhahabu likaenda anga za mbali na Pioneer 10, chombo cha anga cha NASA, mwaka 1972, kama ujumbe kwa viumbe wowote watakaokikuta huko.

Jamani msikimbilie kusema "anasalimia". Ule mkono wa mwanaume ulioinuliwa juu sisi tunausoma salamu kwa sababu tumeuzoea, ila kiumbe asiyemjua binadamu atajuaje, si ataona tu huyu mkono wake ndo ulivyo siku zote? Walifikiria kuwachora wameshikana mikono wakaacha, maana ingeweza kusomeka ni kiumbe kimoja. Na ile mistari nyuma yao ni chombo chenyewe, kimewekwa ili urefu wao upimike, hapo nawapa heshima kabisa.

Kinachoniuma ni mwanamke, kasimama tu mikono chini, mwenye ishara ni mwanaume peke yake, kwa nini?

Tumeni voisi kabla ya Ijumaa usiku, na plizi msigugo kwanza, tazameni mistari yenyewe.