Tasnifu ya mtu aliye kazini ianzie kwenye data

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niseme na wafanyakazi wanaorudi chuoni kusomea shahada ya uzamili. Wengi wao hawakwamishwi na uandishi. Wanakwama kwa kuwa waliipenda mada kabla ya kujua data zitatoka wapi na nani ataziruhusu.

Tuseme muuguzi anataka kuchunguza kwa nini wagonjwa wa kisukari hawaji kliniki siku ya miadi. Mada nzuri. Lakini kabla ya kuandika ukurasa wa kwanza wa pendekezo la utafiti, aombe ruhusa aione rejista: je, tarehe ya miadi na tarehe mgonjwa aliyofika zote zimejazwa? Kama safu moja ina mapengo, rejista hiyo haitajibu swali lake hata apewe miaka mitatu. Itabidi awahoji wagonjwa wenyewe, na hapo ratiba na bajeti ni nyingine kabisa. Mhasibu na leja zake, fundi mitambo na kumbukumbu zake za matengenezo, mambo ni yale yale.

Swali nalo libanwe. "Athari za teknolojia katika utendaji wa shirika" halina kipimo wala kipindi. Afadhali: "Je, siku za kulipa ankara za wazabuni zimepungua katika miezi 12 baada ya mfumo mpya kuanza, zikilinganishwa na miezi 12 kabla yake?" Malengo mahususi matatu yanatosha. Kila lengo liandikiwe pembeni data zake, mwenye kuzitoa na namna ya kuzichambua. Lisilo na majibu hayo lifutwe siku hiyo hiyo.

Kwenye sampuli, yaani wale wachache wanaochaguliwa kuwakilisha wote, ndiko kwenye kunakiliana kwingi. Kwa fomula ya Yamane ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, watu 1,000 na kiwango cha makosa cha asilimia 5, unagawa 1,000 kwa 3.5 (yaani 1 + 1,000 × 0.05 × 0.05), unapata 286. Hao ndio wanaotakiwa kurudisha hojaji, si wanaopewa. Ukitarajia asilimia 80 warudishe, sambaza 358. Na fomula hiyo haina kazi kwenye mahojiano ya kina. Huko unasimama pale wahojiwa wapya wanapokuwa hawaongezi jambo.

Mahojiano nayo yana gharama isiyoonekana: saa moja ya sauti hula saa nne hadi sita kuihamishia kwenye maandishi. Mahojiano 20 ya dakika 45 ni saa 15 za sauti, yaani saa 60 hadi 90 za kuandika. Mwenye saa mbili kila jioni atahitaji jioni 30 hadi 45, na bado hajachambua kitu. Ratiba inayoipa kazi hiyo wiki moja ni ndoto.

Hojaji ijaribiwe kwanza kwa watu wasiomo kwenye sampuli. Hapo ndipo maswali ya aina ya "Unaridhika na mshahara na mazingira ya kazi?" hujulikana kuwa ni mawili ndani ya moja, na jibu lake halisomeki.

Kisha vibali. Kibali cha maadili hutangulia ukusanyaji. Usitegemee kamati ya maadili ikuidhinishie data ulizokwisha kukusanya. Barua ya mwajiri ni jambo jingine tena: kufanya kazi mahali hakukupi haki ya kutumia mafaili yake kwa utafiti. Linalonitia wasiwasi zaidi ni mkuu wa idara kuwahoji walio chini yake. Hawawezi kukataa kwa uhuru, na watajibu la kumpendeza. Ama hojaji zisizo na majina zigawiwe na mtu asiye na mamlaka juu yao, ama utafiti ufanyike idara nyingine.

Vyuo navyo viongeze ukurasa mmoja kwenye fomu ya pendekezo: chanzo cha kila data, jina la cheo cha anayeiruhusu, na nakala ya fomu au rejista ikiwa tupu, bila taarifa za mtu. Msimamizi akikuta ukurasa huo haujajazwa, asisaini.

Msimamizi wa tasnifu za uzamili