Shahawa za Farasi Zipozwe Polepole

Mhariri,

Naomba nafasi niwaombe wafugaji wa farasi wanaohimilisha majike kwa shahawa zilizopozwa wazingatie uhifadhi wake. Siwasemei wenye farasi wa mbio wa Thoroughbred, kama wale wa Ngong, kwa kuwa kanuni za usajili huwataka wapandishe kwa njia ya asili tu.

Shahawa zikiwekwa moja kwa moja juu ya barafu, utando wa chembe za mbegu za dume hupata mshtuko wa baridi, na chembe huanza kuogelea kwa kuzunguka bila kusonga mbele. Kwa hiyo zichanganywe upesi na kimiminika chenye maziwa yaliyoondolewa malai, glukosi na antibiotiki, hadi zifikie chembe milioni 25 hadi 50 kwa mililita, kisha joto lishushwe polepole mpaka nyuzi 5 za Selsiasi.

Kinachonisikitisha zaidi ni dhana kwamba madume wote ni sawa, ilhali wapo ambao shahawa zao huhimili saa 48, na wengine, japo huzalisha vizuri kwa njia ya asili, zao hudhoofika kabla ya saa 24. Kila dume apimwe kabla ya msimu, sampuli yake iliyopozwa ikitazamwa kwa darubini baada ya siku nzima, na mwenye jike apewe majibu hayo kabla hajalipa.

Mfugaji,
Nanyuki, Kenya