Mjomba, uanzie pale kwenye pantoni

Shikamoo mjomba.

Nakuandikia kutoka Mtwara, hapa Chuno, usiku, watoto wamelala. Ningeweza kukupigia simu, lakini simu zetu nazijua. Tutaulizana hali, mikorosho imetoa maua au bado, nani anaumwa, halafu utasema "haya mpwangu, salio lisiishe" na utakata. Ninalotaka kusema halienei humo. Na nimeliweka wazi kila mtu alisome kwa sababu Kusini hii wajomba wa namna yako ni wengi, na wapwa wa namna yangu, ambao hawajawahi kuuliza, ni wengi zaidi.

Nataka utusimulie fainali ya Simba ya Kombe la CAF, ya mwaka 1993.

Nilikuwa na miaka tisa, naishi kwa bibi Ruangwa. Uliuza gunia mbili za korosho ambazo bibi alikuwa amezihesabia bati za nyumba. Mligombana mbele yetu, jambo ambalo halikuwa la kawaida pale nyumbani, na bibi akakaa siku mbili bila kukusemesha. Wewe ukaondoka hivyo hivyo, na kimfuko cha plastiki chenye shati jekundu na ming'oko ya kuchemsha. Lori mpaka Lindi, kutoka Lindi gari nyingine, Nangurukuru, Somanga, halafu Ndundu kusubiri pantoni ya Rufiji. Wanangu wanapita Daraja la Mkapa ndani ya basi wamelala, hawajui chini yao kuna nini. Daraja limefunguliwa mwaka 2003. Wewe ulivuka miaka kumi kabla, na sijui ulilala siku ngapi pale mtoni, maana hukusema.

Sisi tuliobaki tuliisikiliza kwa redio. Betri tulikuwa tumezianika juani tangu asubuhi juu ya kichuguu, nne, na kijana mmoja alipewa kazi ya kuzilinda kuku wasizidondoshe. Simba walikuwa wametoka sare ya bila kufungana kule Abidjan na Stella ya Ivory Coast, na kwa watu wazima waliokuwa pale uani hesabu ilikuwa imekwisha: timu imeenda ugenini haikufungwa, sasa inarudi Uwanja wa Taifa, mbele ya Rais Mwinyi, na Mwameja golini, Masatu nyuma. Kombe la CAF lilikuwa limeshafika. Kilichobaki ni kulipokea. Kina mama walikuwa wameshaanza vigelegele kabla mpira haujaanza, na mimi nilikuwa nawaza utarudi umevaa nini.

Bao la kwanza tulilisikia kwa sauti ya watu kunyamaza. Redio ilikuwa inavuma, uwanja mzima unaimba, mara kile kishindo kikakatika kama mtu amefunga mlango, ndipo sauti ya mtangazaji ikaja peke yake. Watu wakasema bado, muda upo. La pili lilipoingia betri zilikuwa zimeanza kuchoka, sauti inapanda na kushuka, na mzee mmoja akasema zimeni, betri ziacheni zipumzike. Hakuna aliyebisha. Mbili bila, nyumbani. Jina la Boli Zozo, mfungaji wao, nimelijua tangu siku ile, kabla sijajua majina ya mito ya nchi yangu.

Ulirudi baada ya siku nyingi. Ulimletea bibi kanga. Ulikaa kwenye kizingiti cha jiko, ukavua viatu, ukasema "tumefungwa", kana kwamba sisi hatukujua. Bibi hakutaja bati. Alikupakulia ugali wa muhogo na kisamvu, akakaa mbele yako mpaka ukamaliza. Na hilo neno moja, mjomba, ndiyo simulizi yote niliyopata kwako kwa miaka zaidi ya thelathini.

Nimewahi kudhani umesahau. Kisha nikawa naona mambo madogo. Ukisikia vijana wanasema "tukamalize nyumbani", unainuka na kwenda kutafuta maji ya kunywa. Ile kauli ya siku hizi, kwamba kwa Mkapa, yaani Uwanja wa Benjamin Mkapa, hatoki mtu, sijawahi kuisikia mdomoni mwako hata siku tuliyoshinda kwa mabao mengi.

Na mwaka 2020 ukanichanganya kabisa. Namungo, timu iliyotoka kwenye kijiji cha wachimba madini wilayani kwetu, msimu wake wa kwanza Ligi Kuu, ikamaliza nafasi ya nne. Simba wakaja kukabidhiwa kombe la ligi pale pale Uwanja wa Majaliwa, Ruangwa, mwezi wa saba. Nilikuja, tukaenda wote. Ulikuwa na shati jekundu, ukapiga makofi kwa timu zote mbili mpaka watu wakatugeukia. Wiki chache baadaye, tarehe 2 Agosti, timu hizo hizo zikakutana fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, tena Sumbawanga, mwisho kabisa wa nchi upande wa pili. Luis Miquissone akafunga, John Bocco akafunga, Edward Manyama akairudishia Namungo moja, ikaisha 2-1. Mimi nilishangilia kwa kelele, nikakupigia nikitegemea tushangilie wote. Ukaniambia, "Hawa wadogo walikuwa na haki ya kulia leo, usiwapigie kelele." Nikaona umezeeka.

Naomba unisamehe kwa wazo hilo. Namungo waliingia Kombe la Shirikisho la Afrika kwa sababu ya fainali ile ile waliyopoteza, maana Simba bingwa alikuwa na nafasi yake kwingine, na wakafika hatua ya makundi. Kule wakakutana na Raja, Pyramids na Nkana, wakafungwa mechi zote sita. Watu wengi hapa Mtwara waliwacheka. Wewe ulisikiliza zote sita mpaka filimbi ya mwisho. Ile ya sita ilikuwa haina faida yoyote kwa mtu yeyote, na ulinikataza nisizime.

Nije kwenye kile ambacho kimenifanya niandike.

Mei 2023 tulikuwa Ruangwa kwa arobaini ya bibi. Jumapili ile Yanga walikuwa wanacheza mkondo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika na USM Alger ya Algeria, kwa Mkapa, na vijana wote wa msibani tukahamia kibanda umiza. Wewe ukaja pia, nikadhani umekuja kuona mtani akiumbuka. Waarabu walitangulia kipindi cha kwanza. Dakika ya 82 Mayele akasawazisha, na watu wa Yanga wakamwagika mpaka nje, wengine hawakurudi kukaa. Dakika mbili tu baadaye, wako bado wamekumbatiana mlangoni, bao la pili la Waarabu. Mimi nilicheka, mjomba. Nilicheka nimesimama juu ya benchi. Nilimcheka yule shemeji yetu mbele ya watu, mtu aliyekuwa amechimba kaburi la bibi kwa mikono yake.

Wewe ulipita katikati ya watu ukaenda kukaa karibu yake. Hukusema kitu. Ulimshika bega, mkakaa hivyo mpaka mwenye kibanda akazima luninga. Wiki iliyofuata Yanga wakaenda Algiers, Djuma Shabani akafunga penalti mapema, Diarra akapangua penalti ya wenyeji, wakashinda 1-0 na bado kombe likabaki kule kwa kanuni ya bao la ugenini, maana wao walifunga mawili kwetu. Ulisikiliza na hiyo. Uliposikia imeisha ulisema, "Wameshinda na wameshindwa siku moja," ukaingia kulala.

Halafu ikaja zamu yetu. Mei 2025. Simba fainali ya kombe lile lile, na Berkane kule Morocco, dakika kumi na nne tu tumeshafungwa mbili. Marudiano yakahamishiwa Amaan, Zanzibar, kwa hali ya nyasi za kwa Mkapa. Mwanangu wa kiume ana miaka kumi na moja, alivaa jezi tangu saa mbili asubuhi na mechi ni saa kumi. Joshua Mutale akafunga dakika ya 17, na sebule yangu ikawa kama uani kwa bibi mwaka ule, wanawake wanapiga vigelegele, mimi mwenyewe nahesabu kombe. Kipindi cha pili Kagoma akatolewa kwa kadi nyekundu. Mukwala akafunga, bao likaangaliwa kwenye VAR, likakataliwa. Dakika za nyongeza Sidibé akasawazisha. Mwanangu alikaa sakafuni na jezi yake, hakulia kwa sauti. Akaniuliza, "Baba, kwani sisi nyumbani kwetu tuna mkosi?"

Sikuwa na jibu. Nilitoka nje nikakupigia. Ulipokea mara moja, kana kwamba simu ulikuwa umeishika. Tukanyamaza wote wawili muda mrefu, nasikia redio yako kwa mbali. Kisha ukasema, "Siku ile pia watu walikuwa wameshaanza kucheza." Ukakata.

Nimeishi na sentensi hiyo tangu usiku ule. Nilichukua daftari nikaandika fainali zetu tatu za Afrika, za Simba mbili na ya Yanga moja. Mechi za nyumbani: 0-2, 1-2, 1-1. Za ugenini: 0-0, 1-0, 0-2. Nyumbani tumefunga mawili tumefungwa matano, na hatujashinda hata moja. Ugenini tumefungwa mawili tu. Nilikaa naziangalia mpaka chai ikapoa. Mtu angetuambia mwaka 1993 kwamba fainali za Watanzania zitakuwa ngumu zaidi palipo na watu wetu, tungemfukuza kijiweni.

Suala la mkosi silikubali, na uchawi ndiyo kabisa, ingawa najua pale kwenu kuna wazee wana maelezo yao. Kila fainali ina kilichoiua. Hii ya juzi ilipotea Berkane mapema, Amaan tulikuwa tunafukuzia. Ya Yanga iliuawa na dakika mbili za furaha. Lakini ya mwaka 1993 mimi siijui. Matokeo ninayo. Najua wachezaji walikuwa wameahidiwa magari, kila mtu anajua. Nisichokuwa nacho ni kile ulichokiona wewe: watu walikaaje kabla ya bao la kwanza, waliimba nini, wachezaji walitembeaje walipoingia, nani alikuwa wa kwanza kunyamaza. Waliokuwa jukwaani siku ile wanapungua kila mwaka, mjomba. Wale niliosikiliza nao redio uani kwa bibi wamebaki watatu.

Na nadhani najua kwa nini hukusimulia. Zile gunia mbili. Ile nyumba iliezekwa bati miaka minne baadaye, na masika zote za katikati tulilala tukihamisha mikeka. Bibi hakukutaja hata mara moja, na nadhani kutokutajwa ndiko kulikokufunga mdomo. Sasa nikuambie kitu ambacho bibi aliniambia mimi, mwaka mmoja kabla hajafariki, nilipomuuliza habari za bati zile. Alisema, "Mjomba wako alikwenda kuiona nchi ikichukua kombe. Ningekuwa mwanaume ningekwenda." Alisema hivyo, wala hakuwa anatania. Nilipaswa kukuletea maneno hayo siku ya arobaini. Nikayasahau kibanda umiza, juu ya benchi, nikicheka.

Shemeji nimeshamwomba radhi. Nilimpigia usiku ule ule wa Berkane, na yeye, mtu wa Yanga mwenye kila haki ya kunilipa, aliniuliza tu mtoto amelala?

Tunakuja Ruangwa shule zikifungwa. Naja na mwanangu, na jezi yake anakuja nayo, amekataa isifuliwe mpaka Simba wacheze fainali nyingine, mama yake amechoka kubishana. Tutafika na basi la asubuhi. Nitakuletea betri mpya, japo najua siku hizi unasikilizia kwenye simu. Sitaki uanze na mabao, hayo ameyasoma. Yeye atakaa kwenye mkeka, mimi nitakaa pale kizingitini kwa bibi, na wewe uanzie pale Ndundu, kwenye pantoni, mlipokuwa mnasubiri kuvuka na bado hakuna aliyefungwa.

Mpwa wako,
Mtwara